Nzwani: Mdhamini Mwenye Jicho Moja

Tarehe 14 Julai 1997, siku ambayo Wafaransa huadhimisha sikukuu ya taifa lao, watu wa kisiwa cha Nzwani walipandisha bendera ya Ufaransa. Wao wenyewe hawakuwa Wafaransa. Walikuwa raia wa Komoro, nchi iliyojitangazia uhuru kutoka kwa Ufaransa hiyo hiyo miaka 22 nyuma. Wiki tatu baadaye, tarehe 3 Agosti, viongozi wao wakatangaza kwamba Nzwani imejitoa katika Komoro na inaomba kurudi chini ya Paris. Paris ikakataa.

Nimeanza na jibu hilo la Paris kwa makusudi. Tukitaja diplomasia katika vita vya kujitenga, fikra hukimbilia meza ndefu, chupa za maji na wazee wenye tai wanaobadilishana kalamu. Kumbe kazi ya mwanzo ya diplomasia mara nyingi ni kunyima tu: jirani amnyime mwasi bandari, mkoloni wa zamani amnyime hifadhi, dunia imnyime jina la rais. Meza huja baadaye. Na baada ya meza huja jambo lenyewe ambalo limenifanya niandike, nalo ni nani anayeulinda mkataba siku msaliti anapokuwa si mwasi wa kisiwani bali mkubwa wa mji mkuu.

Kwanza, kwa nini mtu aombe kutawaliwa tena? Msomaji wa Zanzibar, ambako Wakomoro, tuwaitao Wangazija, ni majirani na wakwe, huenda analijua jibu kuliko mtaalamu wa Addis Ababa. Watumishi wa serikali walikuwa wakikaa miezi bila mshahara. Katiba ya Oktoba 1996, ya Rais Mohamed Taki Abdoulkarim, ilikuwa imevipokonya visiwa sehemu kubwa ya madaraka na kuyarundika Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazija. Na ng'ambo, kilomita 70 hivi za bahari, kilikuwapo Mayotte, kisiwa cha nne, ambacho katika kura ya maoni ya Desemba 1974 kilichagua kubaki na Ufaransa. Huko mwalimu alipokea mshahara mwisho wa mwezi. Tangu 1995 Ufaransa iliwawekea viza watu wa visiwa vingine vitatu, kwa hiyo aliyetaka kuvuka kutafuta hospitali au kibarua alipanda boti ndogo wanazoziita kwasa-kwasa, usiku, na wengi hawakufika. Bendera ile ya Julai ilikuwa dai la mshahara lililoandikwa kwenye kitambaa.

Aliyewekwa mbele kuwa kiongozi alikuwa mzee aitwaye Foundi Abdallah Ibrahim. Hilo "Foundi" ni neno letu fundi likiwa limevaa tahajia ya Kifaransa. Huko ni cheo cha heshima cha mwalimu. Nalitaja ili msomaji asidhani Nzwani ilikuwa na jenerali mwenye visima vya mafuta. Ilikuwa na mlangilangi, karafuu, vanila na watu wengi mno kwa ardhi yake.

Moroni ilijibu kama miji mikuu ijibuvyo. Septemba 1997 Taki alipeleka askari wapatao 300 kukirudisha kisiwa. Walishindwa katika muda wa siku chache. Makumi ya watu walikufa, na baadhi ya askari wakatekwa. Mwezi uliofuata waliojitenga waliitisha kura yao ya maoni na kutangaza kwamba zaidi ya asilimia 99 wametaka uhuru. Matokeo ya namna hiyo siyaamini hata yangetoka kwa malaika, lakini hili naliamini: kabla ya meli ya Taki kutia nanga, wako watu wa Nzwani waliotaka tu serikali bora, na baada ya mazishi walipungua sana.

Hapo ndipo Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulipoibeba kesi. Katibu Mkuu wake alikuwa Salim Ahmed Salim, mtu wa Zanzibar, ambaye hakuhitaji mkalimani wa kumweleza kisiwa ni nini na manung'uniko ya kisiwa yanafananaje. Mjumbe wake alikuwa Pierre Yéré wa Côte d'Ivoire. Msimamo wa OAU ulikuwa wa mwaka 1964, azimio la Cairo: mipaka tuliyoachiwa na wakoloni haiguswi. Wajumbe wa visiwa waliitwa Addis Ababa Desemba 1997. Wachunguzi wachache wa kijeshi walipelekwa. Hakuna dola hata moja iliyoitambua Nzwani.

Sisi Watanzania tuna historia ya kuona aibu kidogo, au fahari, tunapofika hapa. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba umoja hauna maana kwa watu wanaoamini kuwa nchi yao wenyewe inawaua. Hoja hiyo bado naiheshimu. Ila nikitazama matokeo, utambuzi wetu na wa nchi nyingine chache haukuiokoa Biafra, ambayo ilisalimu amri Januari 1970, na nadhani uliwapa viongozi wake matumaini ya kutosha kuwafanya wakatae kila pendekezo lililopungua uhuru kamili. Miaka 30 baadaye Afrika, ikiwa na Mzanzibari kwenye usukani wa OAU, iliamua kutorudia.

Lakini kufunga milango peke yake hakumrudishi mtu nyumbani. Aprili 1999 visiwa vilikutana Antananarivo, Madagascar. Rasimu ilikuwa nzuri: muungano mmoja, visiwa vyenye mamlaka makubwa ya ndani. Wajumbe wa Ngazija na Mwali wakatia saini. Wa Nzwani wakasema wanarudi kwanza kuulizana na wenzao. Habari zilipofika Moroni, vijana waliingia mitaani wakawasaka watu wenye asili ya Nzwani, wakavunja maduka yao. Tarehe 30 Aprili mkuu wa majeshi, Kanali Azali Assoumani, akapindua serikali kwa maelezo kwamba anaiokoa nchi isisambaratike. Mkutano ulioitishwa kuunganisha visiwa ulikuwa umeleta fujo na mapinduzi ndani ya wiki mbili. Wasuluhishi hawapendi kuikumbuka Antananarivo. Mimi naona ndiyo iliyofundisha zaidi: mkataba ukiwekwa hadharani kabla upande mmoja haujashawishika, wananchi wa upande wa pili huuona kama tusi.

OAU ilikaza kamba. Mwaka 2000 iliwawekea viongozi wa Nzwani vikwazo: marufuku ya safari, mali zao za nje kuzuiwa, kisha mafuta na simu za kisiwa kubanwa. Mwezi Agosti Azali na mkuu wa Nzwani wa wakati huo, Luteni Kanali Said Abeid Abderemane, walikutana peke yao Fomboni, mji mdogo wa kisiwa cha Mwali, wakatoa tamko la pamoja. OAU ikalikataa. Wengi walishangaa: si ndiyo amani hiyo? Wasiwasi wa OAU ulikuwa kwamba tamko lile liliuacha umoja wa nchi ukining'inia na kwamba lilikuwa mapatano ya wanajeshi wawili. Nadhani OAU ilikuwa sahihi. Ilirudisha kila mtu mezani, safari hii pamoja na vyama vya upinzani na jumuiya za kiraia, na jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa ikiwa upande wa mdhamini. Tarehe 17 Februari 2001, Fomboni hapo hapo, Mkataba wa Msingi ukasainiwa.

Kilichokuwamo ndicho kiini cha makala hii, kwa hiyo tukae nacho.

Katiba iliyozaliwa na Fomboni, ambayo wananchi waliipitisha Desemba 2001, iliipa kila kisiwa rais wake na bunge lake. Juu yao iliweka Rais wa Muungano ambaye kiti chake kinazunguka: muhula huu Ngazija, muhula ujao Nzwani, unaofuata Mwali. Wananchi wa kisiwa chenye zamu huchuja wagombea wao mpaka wabaki watatu, kisha nchi nzima hupiga kura kuchagua mmoja kati ya hao. Tazama ufundi wake. Mwanasiasa wa Nzwani hawezi kuishia kuwachochea watu wa Nzwani, maana bila kura za Ngazija hatoboi. Na kijana wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, anayeambiwa na wakereketwa kwamba Komoro si yake, anahesabu kwa vidole: miaka minne tu, zamu ni yetu. Subira ya namna hiyo haipatikani kwa vikwazo wala kwa hotuba.

Mfumo ulikuwa ghali. Nchi ndogo kuliko wilaya nyingi za Tanzania ilijikuta na marais wanne, mabunge manne na foleni ya magari ya serikali. Wenyewe waliucheka. Lakini mwaka 2006 zamu ilifika, Azali akang'atuka, na Ahmed Abdallah Mohamed Sambi, mtu wa Nzwani, akachaguliwa kuwa Rais wa Muungano. Katika nchi iliyozoea mamluki, Bob Denard akiwa maarufu wao, kukabidhiana ikulu kwa kupeana mikono kulikuwa habari kubwa.

Ndipo likaja la Mohamed Bacar. Huyu alikuwa askari polisi aliyefunzwa Ufaransa, aliyeishika Nzwani mwaka 2001 na kuchaguliwa rais wa kisiwa mwaka 2002. Muda wake ulipokwisha 2007 hakuondoka. Juni akaendesha uchaguzi wake mwenyewe, kinyume cha agizo la Muungano na la Umoja wa Afrika, mrithi wa OAU, akajitangaza mshindi. Oktoba Umoja wa Afrika ukamwekea yeye na wenzake vikwazo vya safari na mali na kuamuru vyombo vya baharini viendavyo kisiwani vikaguliwe. Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, ambaye nchi yake iliongoza juhudi za kanda kuhusu Komoro, aliona kwamba bado kuna nafasi ya kuzungumza. Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyeshika uenyekiti wa Umoja wa Afrika mwishoni mwa Januari 2008, aliona nafasi hiyo imekwisha.

Alfajiri ya tarehe 25 Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan, pamoja na jeshi la Komoro, waliteremka Nzwani; Senegal na Libya nazo zilisaidia operesheni. Kufikia mchana uwanja wa ndege wa Ouani, mji wa Mutsamudu na Domoni vilikuwa mikononi mwao. Upinzani ulikuwa hafifu. Watu walitoka majumbani wakashangilia. Bacar akavuka kwa boti mpaka Mayotte, njia ile ile ya kwasa-kwasa, akaomba hifadhi kwa Wafaransa, nao wakamhamishia Réunion. Julai mwaka huo akapokewa Benin.

Huko kwetu operesheni ile inakumbukwa kama ushindi wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na ni haki yao. Ila nina swali kwa wanaoitaja kila mara kama ushahidi kwamba bunduki ndiyo dawa ya kujitenga. Askari 300 wa Taki walipigana na kisiwa kizima mwaka 1997. Kwa nini mwaka 2008 Bacar hakutetewa? Idadi ya askari ni sehemu ya jibu, kwani safari hii walikuwa zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa ya jibu iko ikulu ya Moroni, ambako aliyekaa kitini alikuwa mtoto wa Nzwani. Bacar hakuwa na la kumwambia mwananchi. Angesema Moroni inatuonea, angeulizwa, Moroni ya nani? Fomboni ilikuwa imemnyang'anya wafuasi miaka saba kabla JWTZ haijamnyang'anya mji.

Wapo wasomaji watakaosema visiwa vya Komoro ni vidogo, vita vyake vilikuwa vya wiki, havifundishi kitu kwa mauaji ya miaka mingi. Basi twende Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Harakati za Aceh Huru, zinazojulikana kwa herufi GAM, zilianzishwa na Hasan di Tiro Desemba 1976, wakati gesi ya Arun ikikaribia kuingiza fedha ambazo Waacheh wangezisikia tu. Vita viliua watu wanaokadiriwa kufika 15,000. Viongozi wa GAM waliishi Stockholm. Kituo kimoja cha upatanishi cha Geneva kilifanikisha usitishaji wa mapigano Desemba 2002. Ulivunjika Mei 2003 na Jakarta ikatangaza sheria ya kijeshi. Usitishaji huo uliegemea silaha tu, ilhali swali la Aceh itatawaliwaje halijajibiwa.

Kisha bahari. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua na kupoteza watu zaidi ya 160,000 katika Aceh. Mmoja wa viongozi wa GAM, Irwandi Yusuf, alikuwa mfungwa katika gereza la Keudah, Banda Aceh. Maji yalipojaa alipanda darini akatokea juu ya paa, akaokoka. Watu wengi husema tsunami ndiyo iliyoleta amani. Sri Lanka ilipigwa na maji yale yale, ikiwa na mkataba wa kusitisha vita uliosuluhishwa na Norway tangu 2002, na vita vyake vikafufuka na kuendelea mpaka mauaji ya Mei 2009. Maji hayasuluhishi.

Kilichosuluhisha ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zimechoka, na Rais Susilo Bambang Yudhoyono na makamu wake Jusuf Kalla walikuwa wameanza kutafuta njia kabla ya wimbi. Martti Ahtisaari, rais mstaafu wa Finland, aliwaita Helsinki Januari 2005 akaweka sharti gumu: hakuna jambo litakalohesabiwa limekubaliwa mpaka yote yakubaliwe. Hakukuwa na usitishaji wa vita wa kupigia picha. Baada ya duru tano, tarehe 15 Agosti 2005, hati ikasainiwa. GAM iliacha dai la uhuru. Aceh ilipata kuunda vyama vyake vya siasa, jambo ambalo sheria ya Indonesia haikuliruhusu popote pengine, na asilimia 70 ya mapato ya mafuta na gesi yake.

Na sasa sehemu niipendayo. Wachunguzi kutoka Umoja wa Ulaya na nchi tano za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, walifika kusimamia. GAM ilitakiwa kusalimisha silaha 840 kwa awamu nne kati ya Septemba na Desemba 2005. Silaha zililetwa uwanjani hadharani, mchunguzi akaikagua kila moja. Za kujitengenezea na zilizooza kwa kutu zikakataliwa, ndiyo maana zilizoletwa zilizidi 1,000. Iliyokubaliwa ilikatwa vipande kwa msumeno wa umeme mbele ya watu. Lakini awamu ya pili ya silaha haikuanza mpaka Jakarta iondoe kundi lake la kwanza la askari waliotoka nje ya Aceh. Waliopaswa kubaki walihesabiwa: wanajeshi 14,700 na polisi 9,100. Mchunguzi yule yule aliyehesabu bunduki za mwasi porini alihesabu askari wa serikali wakipanda meli bandarini. Huyo alikuwa na macho mawili.

Desemba 2006 Irwandi Yusuf, mfungwa wa juu ya paa, alichaguliwa gavana wa Aceh. Mwaka 2018 alikamatwa kwa rushwa, kama magavana wengine wengi wa Indonesia. Siichukulii habari hiyo kuwa mbaya. Gavana aliyetoka msituni anayepelekwa mahakamani na tume ya kuzuia rushwa, badala ya kuwindwa na helikopta, ni dalili kwamba vita vimekwisha.

Serikali nyingi hazitaki kusikia habari za Helsinki kwa sababu zinayakumbuka mazungumzo ya Sudan ya Naivasha, Kenya. Kenya ilisuluhisha vita vya Sudan kwa subira ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo; Machakos Julai 2002, mkataba kamili Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na miaka sita baadaye kura ya maoni ikaigawa nchi. Ukimwita msuluhishi, wanasema, unaikata nchi yako. Mkataba ule, hata hivyo, ulizitaka pande zote zitumie miaka sita kuufanya umoja uvutie. Khartoum ilikuwa na miaka sita ya kumpa mtu wa Juba, kule kusini, sababu ya kubaki, na sikuona jitihada. Mkataba haukuigawa Sudan. Ulihesabu tu waliokwisha kuondoka moyoni.

Nairobi hiyo hiyo inatupa mfano wa kinyume. Oktoba 1998 Uturuki iliilazimisha Syria imfukuze Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha wapiganaji wa Kikurdi, PKK. Mtu huyo akazunguka Urusi, Italia na Ugiriki, kila mlango ukifungwa, mpaka akafichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki jijini Nairobi. Tarehe 15 Februari 1999 alikamatwa akipelekwa uwanja wa ndege, akasafirishwa Uturuki. Ushirikiano wa kimataifa wa kunyima hifadhi haujawahi kufanya kazi kwa ukamilifu zaidi. PKK ilitangaza kujivunja Mei 2025, baada ya wito wa Öcalan mwenyewe kutoka gerezani. Miaka 26 ilipita kati ya mlango wa nje kufungwa na mlango wa ndani kuanza kulegea, na katika miaka hiyo maelfu walizikwa.

Turudi Nzwani, kwa sababu nilisema kuna jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2009 Sambi, mtoto wa Nzwani aliyenufaika na zamu, aliitisha kura ya maoni iliyowashusha marais wa visiwa kuwa magavana na kurefusha mihula. Zamu ilibaki. Ikililou Dhoinine wa Mwali akashika kiti 2011. Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija na Azali akarudi nayo, safari hii kwa kura. Iliyofuata, 2021, ilikuwa ya Nzwani.

Tarehe 30 Julai 2018 Azali aliitisha kura ya maoni ambayo upinzani uliisusia. Katiba mpya ilimruhusu rais aliyeko kugombea tena bila kusubiri kiti kizunguke visiwa. Kwa lugha ya mtaani, Nzwani ilirukwa kwenye foleni. Umoja wa Afrika ulituma mjumbe, mazungumzo yakavunjika. Oktoba mwaka huo vijana wenye silaha, nyuso zimefunikwa, waliziba vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu kwa mawe na magogo, wakapambana na jeshi. Mji mkongwe wa Mutsamudu ni kama ule wa Zanzibar au Lamu: njia ambayo watu wawili wenye vikapu hupishana kwa shida. Kwa karibu wiki nzima maji na umeme vilikatika na familia zikajifungia ndani. Watu wasiopungua watatu walikufa. Jeshi likaingia, waliopigana wakatokomea, na gavana wa kisiwa, Abdou Salami, akakamatwa.

Linganisha. Bacar alipokataa kuondoka madarakani 2007, Umoja wa Afrika ulimnyima safari, ukazuia mali zake, ukakagua meli zake na mwisho ukaleta askari. Moroni ilipoubomoa mkataba ambao umoja huo huo ulikuwa mdhamini wake, hakuna aliyenyimwa hata viza. Na si kwamba haiwezekani. OAU ile ile tunayoicheka kama klabu ya marais iliwahi kumfungia Azali huyu mlango wa mkutano wa wakuu, Lomé, mwaka 2000, kwa sababu aliingia kwa mapinduzi. Aliporekebisha katiba kwa kalamu badala ya kifaru, hakuona adhabu, na Februari 2023 alikalia kiti cha uenyekiti wa Umoja wa Afrika.

Utetezi wa kidiplomasia naujua. Nimeusikia katika kumbi nyingi. Katiba ni jambo la ndani, kura ilipigwa, hatuwezi kuingilia. Lakini Fomboni haikuwa jambo la ndani. Iliandikwa mbele ya wageni, ikasainiwa na wageni, na watu wa Nzwani walikubali kurudi kwa sababu wageni hao walisema watakuwepo. Mdhamini wa mkopo hawezi kuiambia benki kwamba madeni ni mambo ya ndani ya mkopaji. Na ukimwadhibu mwasi peke yake unamfundisha kitu kibaya sana: kwamba kosa la Bacar lilikuwa kukaa kisiwani, na kama angefanya yale yale akiwa Moroni angeitwa mheshimiwa.

Naandika haya tukiwa na kazi mbele yetu. Kanda yetu imejaa mazungumzo, kuanzia mashariki ya Kongo mpaka Sudan, na kila wiki msuluhishi mpya anateremka kwenye ndege akiwa na rasimu. Ombi langu kwa wanaoandika rasimu hizo ni fupi. Katika kila mkataba wa kumrejesha aliyejitenga, wekeni kifungu kinachosema ni ibara zipi za katiba haziguswi bila mdhamini kuitwa, kwa miaka mingapi, na mji mkuu utakaozigusa utapoteza nini kwa jina: kiti mkutanoni, zamu ya uenyekiti, msaada wa kijeshi. Kiandikeni siku ile ile mnayoandika idadi ya bunduki za kusalimisha, maana baada ya bunduki kukatwa hakuna atakayewasikiliza.

Azali aliitisha uchaguzi wa mapema Machi 2019, akashinda, akashinda tena Januari 2024. Mei 2021, mwezi ambao kwa hesabu ya Fomboni ungemwapisha rais kutoka Nzwani, ulipita kama miezi mingine. Hakukuwa na uchaguzi.